720p au 1080i: king'amuzi ukiweke wapi?

720p na 1080i ni namna mbili za king'amuzi kutuma picha kwenye runinga. Kwa mpira, mimi huweka king'amuzi kwenye 720p bila kusita. Mistari yote 720 ya picha hutoka kwa mkupuo, hadi mara 60 kwa sekunde, hivyo shuti likipigwa mpira hauachi kingo zenye meno kama kitana. 1080i hutuma mistari 540 kwanza, kisha 540 iliyobaki, na runinga bapa ndiyo inayoiunganisha. Ikiwa dhaifu kwa kazi hiyo, meno hayo utayaona tu.

Lakini picha ikitulia, 1080i hushinda: majani, maandishi madogo, mikunjo ya uso. Gharama hakuna, ni kubadili kwenye menyu. Kioo cha runinga yako ni cha nukta 1366 kwa 768? Anza na 720p. Ni cha 1920 kwa 1080 na unapenda vipindi vya wanyama? Jaribu 1080i.