Mgongo, UTI na foleni ya masaa matatu: uzoefu wangu Uyole

Mgongo ulinikamata mwezi wa tatu napakia lumbesa za viazi (yale magunia ya kujazwa kupita kipimo) hapa Uyole, Mbeya, nimeinama kudaka gunia nikasikia ka! nikabaki nimejikunja hivyohivyo, jamaa wakanipandisha kwenye bajaji kama kiroba.

Zahanati ya kwanza (jina naliacha) hata kunigusa hawakunigusa, kusikia tu kiuno wakaandika kipimo cha mkojo, jibu UTI, si mnajua bongo ukiumwa chochote ni UTI. Sindano ya diklofenaki, vidonge, af nikaambiwa nilale tu nisifanye kitu. Nimelala wiki mbili na baridi hili, mwili ukakakamaa mpaka soksi navalishwa na mtoto. Niliporudi wakanituma eksirei, majibu eti pingili zimesagika. Hapo niliogopa kweli, nikajua kazi basi.

Shemeji ndo akanipeleka kituo cha afya kingine, nikamkuta dada mmoja hivi, tabibu. Maswali yake yalinishangaza: mkojo unatoka vizuri? choo unakisikia? huku chini unapokalia kuna ganzi? homa za usiku, kupungua uzito, ushawahi kuugua TB? Akanilaza akanyanyua mguu mmoja mmoja, akanigonga goti na kale kanyundo, akanisimamisha kwa vidole kisha visigino. Akasema cha hatari hamna, na huko kusagika hata wasioumwa wakipigwa picha wengi wanakutwa nako, "ni kama mvi tu kaka". Aisee hilo neno la mvi lilinituliza kuliko ile sindano.

Kumbe kulala ndo kulinimaliza. Akanipa brufeni za siku chache nile nikishashiba, akatandika kanga sakafuni akanionyesha mazoezi matatu yeye mwenyewe, na kutembea kila siku naongeza kidogo. Ule mkanda wa kiuno niliouziwa akasema niuache, hata mwongozo wa WHO wa 2023 wa mgongo sugu hauushauri. Roho iliniuma maana nilitoa hela.

Wiki ya sita nilirudi kazini, ila nabeba debe, lumbesa nawaachia vijana.

Hiki kituo cha pili nawapa nyota nne. Ya tano nimeinyima sababu ya foleni, masaa matatu kwenye benchi lisilo na egemeo, na wote pale tunaumwa migongo! Wahini saa moja asubuhi na mbebe sweta, lile benchi liko nje.