TAHADHARI: Vishoka wanaowavizia wapokeaji wa fedha kutoka nje, Tanga mjini

Ndugu zangu, hususan ninyi mnaopokea fedha kutoka kwa watoto au wenza wanaofanya kazi Oman, Dubai, Saudi Arabia na kwingineko, ninaandika kuwatahadharisha juu ya watu wanaosimama nje ya ofisi za mawakala wa kutoa fedha hapa Tanga mjini na kujitambulisha kuwa ni wasaidizi wa wateja. Baadhi yao huning'iniza kitambulisho shingoni, hushika peni na fomu, na humfuata zaidi mtu mzima anayeonekana kuhangaika na simu yake. Si wafanyakazi wa wakala yeyote. Ni vishoka, na wanachokitafuta kwako ni vitu viwili tu, yaani namba ya muamala na kitambulisho chako.

Inafaa kueleweka kwa nini vitu hivyo vinawatosha. Fedha inayotumwa ili ichukuliwe taslimu haikai ikikusubiri katika tawi moja. Kwa kawaida inaweza kutolewa kwa wakala mwingine wa kampuni hiyohiyo ndani ya nchi, ilimradi anayejitokeza awe na namba sahihi (kwa Western Union ni tarakimu 10, kwa MoneyGram ni 8), amtaje mtumaji na kiasi, na awe na kitambulisho chenye jina lile lile lililoandikwa na mtumaji. Kwa hiyo anayekuambia "nipe namba nikuangalizie kama hela imeingia" ameshapata nusu ya anachokihitaji, na nusu iliyobaki huipata dakika chache baadaye anapokuomba kitambulisho "akakitoe kopi". Baada ya hapo utaambiwa mtandao unasumbua, urudi kesho.

Shangazi yangu alitapeliwa kwa njia iliyo ya kijanja zaidi. Binti yake alimtumia fedha kutoka Muscat na kuandika jina ambalo sote tunamwita nyumbani, ilhali kitambulisho chake cha NIDA kina majina matatu ambayo hata jirani hayajui. Karani alimjibu kwa haki kabisa kwamba hawezi kumlipa mpaka majina yalingane. Kishoka alikuwa mlangoni akisikiliza. Alimwita "mama yangu", akamkalisha kwenye benchi, akapiga picha kitambulisho pamoja na kikaratasi chenye namba, kisha akasema yupo mkubwa wa ndani atakayerekebisha jina kwa shilingi 20,000. Shangazi akatoa. Akaelekezwa pia ampigie binti yake ili naye "athibitishe" jina huko aliko, na binti akaenda kulirekebisha jioni ile ile. Kulipokucha, fedha ilikuwa imekwishachukuliwa kwa wakala mwingine, Korogwe, na mtu aliyeonyesha kitambulisho chenye majina yale matatu. Yule kishoka hakurekebisha chochote; alisubiri marekebisho yafanywe na mwenye fedha, kisha akawahi yeye.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba jina likikosewa, anayeweza kulirekebisha ni mtumaji peke yake, kwa wakala aliyemhudumia au kwa kuipigia simu kampuni. Hakuna mkubwa wa ndani upande huu wa kupokea, na hakuna shilingi unayopaswa kumpa mtu kwa kazi hiyo. Mwombe anayekutumia anakili majina yako kutoka kwenye picha ya kitambulisho uliyomtumia yeye, wala asiandike kwa kukumbuka.

Wapo pia wanaopiga simu na kudai kwamba fedha yako imezuiwa na inahitaji kulipiwa kodi kabla ya kutolewa. Gharama ya kutuma hulipwa na mtumaji wakati anatuma; anayekutaka utangulize fedha ili upewe fedha yako ni tapeli, hata kama analijua jina lako kamili.

Ukiwa dirishani, ongea na aliye nyuma ya dirisha tu. Usikubali kusaini risiti ambayo hujasoma kiasi chake, na kama huoni vizuri, nenda na mtoto au mjukuu unayemwamini. Hesabu fedha papo hapo mbele ya karani. Nimeshuhudia wateja wakiambiwa "hakuna chenji" na kuondoka na pungufu ya kilichoandikwa kwenye risiti waliyoisaini, na ukishatoka mlangoni huna tena cha kudai. Wala tusidhani kwamba jengo zuri ni dhamana tosha: mwezi Januari 2017 Western Union yenyewe ilikubali kulipa dola milioni 586 nchini Marekani baada ya kukiri kwamba haikuwadhibiti mawakala walioshirikiana na matapeli. Kwa wanaopokea mara kwa mara, ni heri mtumaji achague kuingiza fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya benki au kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina lako, pale kampuni anayoitumia inapotoa huduma hiyo.

Kama umekwisha kutoa namba kwa mtu usiyemjua na fedha bado haijachukuliwa, mpigie mtumaji wakati huohuo aizuie au aifute. Usisubiri kesho uliyoahidiwa. Kama imeshachukuliwa, mtumaji ndiye wa kwanza kulalamika kwa kampuni, kwa kuwa mkataba na risiti viko mikononi mwake, na aulize fedha ilitolewa kwa wakala gani na saa ngapi. Wewe nenda kituo cha polisi ukafungue jalada na upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, ukiwa na taarifa hizo mkononi. Namba za simu zilizotumika kukutapeli zitumwe TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kupitia 15040, nawe upige *106# uhakikishe kwamba picha ya kitambulisho chako haijatumika kusajili laini ya mtu mwingine.