DragStar 650 kwa safari ndefu: pesa ianzie wapi

Ukisema una kruza mjini Dar, watu watakuuliza ni Land Cruiser ya mwaka gani. Ninayoizungumzia hapa ni ile pikipiki ya kukalia chini, usukani mpana, miguu mbele, tenki kama tone la maji. Yangu ni Yamaha DragStar 650, ile ile ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la V Star 650. Injini yake ni ya silinda mbili zilizokaa umbo la V, cc 649, inapozwa kwa hewa tu, na nguvu yake ni farasi 40 hivi. Haitumii mnyororo bali shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma, jambo ambalo kwa barabara zetu za vumbi ni baraka.

Wengi wakishaipata, swali la kwanza ni ekzosi. Mimi pia nilianzia hapo, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika huu mwongozo kinyume: nimeipanga orodha kuanzia kinachostahili pesa yako kwanza hadi kinachoweza kusubiri miaka. Kipimo changu ni kimoja. Kwenye safari ya Dar hadi Mbeya, km 800 na ushee, hakuna anayechelewa kwa sababu farasi 40 ni wachache. Unachelewa kwa sababu kila dakika arobaini unasimama kunyoosha mgongo.

Kwanza: tairi na breki, kabla ya pambo lolote

Tairi lenye meno mazima lakini limezeeka linadanganya kuliko lililokwisha. Pikipiki iliyotoka nje inaweza kuwa imekaa stoo miaka, na muuzaji atakuonyesha meno kwa fahari. Wewe chuchumaa, usome ubavuni: kuna tarakimu nne peke yake ndani ya kiduara. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishapita miaka sita saba, mimi nalibadilisha hata kama linang'aa.

Rimu zake ni za spoku, kwa hiyo ndani kuna tyubu. Zile kamba za kuziba tairi la tyubulesi hazitakusaidia hapa. Nunua tyubu ya akiba ya mbele na ya nyuma (saizi hazifanani hata kidogo), vyuma viwili vya kubandulia tairi na pampu ndogo. Halafu fanya zoezi la kufungua gurudumu la nyuma nyumbani, kivulini, una chai pembeni. Kulifanya mara ya kwanza Ruaha Mbuyuni saa nane mchana sikushauri.

Mbele kuna diski moja, nyuma ni dramu. Hosi ya breki ya mpira ikizeeka hutanuka unapobana, mkono wa breki unakuwa laini kama unaminya embe. Hosi iliyofumwa kwa nyuzi za chuma ndiyo kitu pekee kwenye ukurasa huu ninachoweza kukiita ongezeko la uwezo bila aibu: vidole viwili vinatosha. Na mafuta ya breki yanafyonza unyevu hewani, kwa hiyo mwaga uweke mapya kila miaka miwili, pwani hasa.

Pili: siti

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana hata wewe utakaa hapa.

Siti ya kruza ipo chini, sentimita 70 hivi kutoka ardhini, na miguu imetangulizwa mbele. Kwa mkao huo huwezi kusimama kwenye vigingi vya kukanyagia ukifika kwenye rasta, vile vituta vidogo vidogo vya barabarani. Kila mtikisiko unapanda moja kwa moja kwenye kitokono cha uti wa mgongo. Shokapu ya nyuma ni moja, imefichwa chini ya siti, na mwendo wake ni mfupi. Sponji ya kiwandani imepimwa kwa mwendo wa jioni kwenda kunywa kahawa.

Machaguo ni manne, na nimeyajaribu matatu. La bei ya chini ni mto wa hewa unaofungwa juu ya siti. Unafanya kazi, mradi usiujaze. Ujaze robo tu, makalio yako yakaribie kugusa siti lakini yasiguse. Ukiujaza ukawa mgumu unateleza juu yake kama mtu aliyepanda puto. Ubaya wake ni kwamba unakupandisha na unapendeza kama begi la shule. La pili ni ngozi ya kondoo, ambayo haipunguzi mtikisiko lakini inapitisha hewa chini yako, na mwenye jasho la Chalinze atanielewa. La tatu ni kununua siti nzima ya kampuni ya nje. Ni nzuri, lakini ukijumlisha usafirishaji na ushuru unakuta umelipia siti mbili.

La nne ndilo ninaloliweka namba moja: chukua siti yako ya asili, mpelekee fundi anayejua sponji. Si lazima awe wa pikipiki. Mafundi wa makochi wanajua sponji kuliko mafundi wengi wa gereji.

Lakini ujue cha kumwambia, kwa sababu mimi fundi wa kwanza nilimwambia "weka laini". Akaweka laini. Hadi Kibaha nilijiona mfalme. Kufika Mlandizi sponji imelala, na kuanzia Chalinze nilikuwa nimekalia bati la chini kabisa. Sponji laini inakubali haraka na kuchoka haraka. Unayoitaka ni ile nzito, ambayo ukiibonyeza kwa ngumi inagoma halafu inarudi yenyewe. Fundi wa pili alinikalisha juu ya pikipiki na suruali ya safari, akachora kwa chaki kuzunguka mapaja yangu, akanishusha, akaanza kuchonga kwa kipande cha blade ya msumeno wa chuma. Aliongeza upana nyuma, akapunguza mbele ili miguu ishuke vizuri nikisimama, akasawazisha lile bonde ambalo lilikuwa linanisukuma mbele kwenye tenki. Kisha akanipandisha tena, mara tatu. Kila mara chaki mpya.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu siti: mshono usipite pale unapokalia, kwanza unauma, pili ndipo maji ya mvua yanapoingia. Na ngozi nyeusi iliyoachwa juani hoteli ya Mikumi itakuunguza. Beba kitenge cha kuifunika.

Tenki lenyewe ni lita 16. Kwa lita moja kwa km 20 utakwenda km 250 hivi kabla ya kufungua rizevu. Siti ikikuruhusu kumaliza tenki bila kusimama, imeshafanya kazi yake. Usiidai zaidi ya hapo.

Tatu: kioo cha mbele

Kwenye usukani mpana kifua chako ndicho tanga. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo. Ukitoka 60 kwenda 100 kwa saa, upepo unakusukuma karibu mara tatu. Mikono inavuta usukani siku nzima bila wewe kujua, na jioni mabega yanakuambia. Anayebisha apite Makambako siku ya upepo, akiwa na koti la jinzi.

Kosa la kawaida ni kununua kioo kirefu. Kioo kizuri kinaishia usawa wa pua yako ukiwa umekaa, ili utazame juu yake, si kupitia ndani yake. Kioo kirefu kikipigwa na mvua usiku, halafu lori linakuja na taa kamili, huoni barabara wala shimo. Kabla hujalipa, kaa kwenye pikipiki, rafiki yako ashike boksi lililokatwa mahali kioo kitakapokaa, pima hapo.

Chagua cha polikaboneti, hakivunjiki ovyo vipande vipande. Ila kinachunika, na petroli ikikimwagikia kinaweza kupasuka nyufa nyufa, kwa hiyo angalia kijana wa sheli anavyochomoa bomba. Wadudu waliokaukia juu yake usiwasugue. Weka kitambaa kilichoroa maji, nenda kale, ukirudi wanatoka wenyewe.

Kama unaweza kupata chenye vishikio vya kuchomoa bila spana, lipa hiyo tofauti. Mjini kwenye foleni kioo kinakunyima upepo unaouhitaji.

Nne: mabegi

Mabegi ya ngozi ya pembeni ndiyo yanayoipendeza kruza, na ndiyo yaliyoharibu safari nyingi. Yakijaa yanalegea, yanaingia ndani, yanagusa gurudumu. Usiyafunge kamwe bila vyuma vya kuyazuia. Vyuma hivyo fundi wa kuchomelea anavitengeneza kwa bomba la nusu inchi; mpelekee pikipiki yenyewe, si picha. Kwenye DragStar ekzosi zote mbili zipo kulia, hivyo begi la kulia linahitaji bati la kukinga joto na si mahali pa chokoleti wala dawa. Angalia pia indiketa za nyuma zisifichwe.

Ya plastiki ngumu yanafungwa kwa ufunguo na hayaingizi maji. Yanakufaa kama unalala nyumba za wageni njiani. Vinginevyo ngozi, na ndani yake mfuko wa kuzuia maji. Vizito chini na mbele, spana zisikae kwenye keria juu ya taa ya nyuma, hapo zinainua usukani na pikipiki inaanza kucheza.

Tano: egemeo la abiria

Kama unasafiri peke yako, ruka. Kama mnasafiri wawili, hii inapanda hadi nafasi ya pili sawa na siti, kwa sababu asiyeegemea anakushika wewe, na ukikamua mafuta uzito wake unakuvuta nyuma. Mke wangu alisafiri mara moja bila egemeo. Mara moja.

Mengine ya kati

Gadi ya injini ni bima: pikipiki ya kilo mia mbili na zaidi ikilala, inalalia gadi badala ya mguu na kifuniko cha injini. Juu yake unaweza kufunga vigingi vya kunyooshea miguu, lakini ukiwa na mguu huko upo mbali na breki ya nyuma, kwa hiyo ni vya barabara iliyo wazi tu, si penye ng'ombe, wala vijijini kwenye kibao cha 50 na askari wa tochi nyuma ya mti.

Kuinua usukani sentimita tano kunaokoa mgongo wa mwenye mikono mifupi. Ukimaliza, washa injini, iache ikinguruma yenyewe, kata usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umevutika. Usitoke hapo gereji.

Taa: pikipiki iliyotoka Ulaya bara au Marekani inamulika kulia, nasi tunaendesha kushoto. Unawamulika wanaokuja na huoni pembezoni. Tafuta taa iliyotengenezwa kwa Uingereza au Japani. Spoti za LED mbili za wati 20 ni bora kuliko halojeni mbili za wati 55, maana umeme wa pikipiki ni wa kuhesabu. Zipite kwenye relei na fyuzi yake. Chaja ya simu weka tu, bei yake ni ya soda chache.

Springi za fok, yaani shokapu mbili za mbele, zikiwa zimechoka, pua inazama ukibana breki. Springi mpya na mafuta mapya ya fok vinarudisha heshima. Ni kazi ya fundi anayejua, na ndiyo sababu nimeiweka huku chini.

Mwisho: ekzosi na "nguvu"

Kabureta mbili za DragStar zimepangwa kulingana na ekzosi na chujio la hewa vilivyotoka navyo kiwandani. Ukifungua njia ya kutoka na ya kuingia bila kugusa jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima mafuta, hewa inazidi mafuta. Injini inachemka kuliko kawaida, na ukiachia mkono wa mafuta inapigapiga nyuma kama fataki. Kwa hiyo bei ya ekzosi si bei ya ekzosi: ongeza jeti, ongeza fundi, ongeza siku za kujaribu. Na ukishaipanga sawa kwa Dar, Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, mchanganyiko ule ule unakuwa na mafuta mengi, plagi zinarudi nyeusi. Meno ya gia huwezi kuyabadilisha kama kwenye pikipiki ya mnyororo, shafti imeshaamua.

Ekzosi niliinunua ya bomba wazi, imepakwa kromu, nikafunga mwenyewe. Ubungo watu waligeuka. Mlima Kitonga, nyuma ya lori la simenti, gia ya pili, nilikamua mafuta nikasikia kelele nyingi na mvuto mchache kuliko zamani: bomba wazi lilinipa sauti juu na kuninyima nguvu chini, pale kruza inapoihitaji.

Ukitaka nguvu kwa pesa ndogo, pima nafasi za valvu, weka plagi mpya, safisha chujio, sawazisha kabureta mbili zivute sawa. Hata mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wenye mafuta kidogo ndani, unaounganisha vifyonzeo vya kabureta zote mbili, unakuonyesha upande upi unavuta zaidi. Baada ya hapo yangu ilipanda Kitonga kwa gia ya tatu, na ekzosi ya asili.

Ile ya kromu bado iko uvunguni, imeviringishwa kwenye shuka. Mke wangu huiulizia kila anapofagia.