Kaunda suti ya baba, fundi wa Mwanjelwa, na vifungo vyenye nanga

Nimejizuia kuandika hili wiki mbili tatu, nikisema ngoja hasira ipoe. Haijapoa.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kaunda suti yake aliishonesha miaka ile TAZARA bado mpya, miaka ya sabini huko, na aliivaa penye jambo lolote la maana: harusi, msiba, siku ya mshahara. Ya kijivu, mikono mifupi, mifuko minne ya kubandika, kola ya kulala. Kwa vijana mnaouliza, ndiyo, Kaunda ni yule yule Kenneth Kaunda wa Zambia. Wazee wetu walipenda kwamba umevaa rasmi na shingo haijafungwa tai ya mtu. Wenzake walihangaika na suruali za bugaluu, pana chini, na viatu vya raizoni, vile vya soli nene. Yeye na Kaunda yake, basi.

Sasa kwapa la kushoto lilikuwa limefumuka, na chini ya mfuko wa kifuani palikuwa na tundu la cheche ya sigara. Kitambaa chenyewe ni tetroni, na tetroni ikiguswa na moto haiungui kama pamba. Inayeyuka, halafu ukingo wa tundu unaganda, mweusi, mgumu kama kucha.

Nikampelekea fundi mmoja pale Mwanjelwa, jina nalihifadhi. Nilimwambia mambo mawili: kwapa na tundu. Mawili! Akaitikia "sawa bosi" huku simu iko sikioni. Hizo "njoo kesho" zake sizihesabu, fundi ni fundi.

Siku aliyonipa nguo, aliikunjua kama anafungua zawadi. Nikaona vifungo. Vya dhahabu, vya plastiki, vinang'aa, na kila kimoja kina nanga. Nanga! Mbeya hii. Labda alidhani naenda kuvua samaki Matema.

"Vya zamani viko wapi?"

"Kaka, vile vilishachoka. Kimoja hata hakikufanana na wenzake. Hivi sikulipishi, ofa."

Hicho kisichofanana ndicho chenyewe. Vifungo vilikuwa vitano, vinne vya kijivu na kimoja cha kahawia, cha pili kutoka juu. Kile cha kahawia mama alikitoa kwenye sweta lake mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya kile cha asili kupotea. Wakati huo duka la kaya lilikuwa na foleni ya sabuni na foleni ya sukari, nani angekuuzia kifungo kimoja cha kijivu? Akakata cha kwake, sweta akawa analifunga kwa pini, na hapa kwetu baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Baba alikivaa hicho cha kahawia mpaka anastaafu. Fundi amekiona, kakiita kimechoka.

Nilisema maneno ambayo mbele ya mama nisingeyasema. Naye, bila kuinua macho, mguu uko kwenye cherehani, akanijibu, "Nguo ya marehemu hii, bosi. Wenzako wanagawa." Mtaa mzima ulisikia. Mama wa meza ya pili ndiye aliyeniokoa: "We fundi, mpe kaka wa watu kopo lako atafute." Kopo la Blue Band, limejaa vifungo vya nguo zote zilizowahi kupita pale. Nikamwaga mezani, nikachambua kama mchele. Nikapata vitatu vya kijivu. Cha mama hakikuwemo.

Nilipofika nyumbani nilitaka kupiga picha ule uharibifu ili niwawekee hapa mwone. Nikaitafuta ile sehemu ya tundu. Sikuiona. Nikaipeleka dirishani, nikaigeuza ndani nje, ndipo nikaelewa alichofanya: amekata ule ukingo mgumu wote, akachukua kipande cha tetroni hiyo hiyo kutoka kwenye upindo wa ndani chini, akakiingiza kwa sindano ya mkono, mistari ya kitambaa ikafuatana. Halafu amepiga pasi hata pasing'ae. Tetroni ukiipiga pasi ya moto bila kitambaa kibichi juu yake inaota mng'ao kama kipara, hii haina. Kwapa nalo ameongeza kipande kidogo ndani ili nikiinua mkono lisifumuke tena. Hilo sikumwomba wala hakunitajia. Elfu saba tu, kazi yote.

Kwa hiyo nifanye nini? Nilikuwa nimepanga kuandika msiende kabisa. Nilikuwa nimepanga nyota moja, na hiyo moja ni ya yule mama wa meza ya pili. Sasa naona aibu kidogo. Kidogo tu, maana mdomo wake bado mchafu, na hakuna aliyemtuma kugusa vifungo.

Mama sijamwonyesha. Macho yake siku hizi hafifu, ila vidole vyake vitajua.

Suruali bado iko kabatini, zipu imekufa. Nitampelekea huyo huyo, mwingine simwamini. Ila kifungo cha kiunoni nimeshakikata mwenyewe, kiko kwenye pochi yangu.