Nilienda kuzamia likizo, kampuni ikaniangusha: uchambuzi wangu wote huu hapa

Mambo vipi jamani, karibuni tena. Leo sichambui kifaa, nachambua huduma, maana likizo nzima nilikuwa naisubiri siku moja tu ya kuzamia na mitungi, na kampuni niliyoenda nayo imenikasirisha mpaka leo. Jina lake sitalitaja, nataka tu ujue cha kuangalia kabla hujaingia majini na watu usiowajua.

Mazuri yapo, nayasema. Boti safi, nahodha anaijua kazi, na huko chini matumbawe yako hai kabisa, nimeona kasa kajilaza chini ya jiwe katulia zake, yaani nilisahau kila kitu kwa dakika kadhaa.

Ila matatizo yalianza hata hatujaondoka. Hakuna aliyetaka kuona kadi yangu ya cheti cha kuzamia, hakuna aliyeuliza mara ya mwisho nimezamia lini, ile fomu ya afya nikaambiwa saini hapa tunachelewa. Mimi cheti changu ni kile cha mwanzo, Open Water, mwisho mita 18, nikamwambia kiongozi kwa mdomo wangu, akaitikia poa poa huku anabeba mitungi.

Tumefika, nafunga vifaa, naangalia geji ya presha ya hewa kwenye mtungi: bar 150, bar ndo kipimo cha presha. Mtungi uliojazwa vizuri unakuwa kama 200 hivi. Nikamwita, akasema utatosha. Na ile regeleta ya akiba, yaani kifaa cha mdomoni cha kupumulia, ile ya kumpa mwenzako akiishiwa hewa, inavuja mapovu muda wote. Akaigonga gonga, akasema ikiingia majini itatulia.

Kwa ambao hamjawahi kuzamia naomba mnielewe hapa. Kila mita 10 unazoshuka, presha inaongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu ya bahari, kwa hiyo ukiwa mita 20 kila pumzi inakula hewa mara tatu ya ile ungetumia ukiwa juu. Mtungi uleule, mapafu yaleyale, lakini muda unakatika haraka sana. Sasa robo ya mtungi haipo halafu kitu kinavuja, utatosha vipi?

Tukashuka watu nane na kiongozi mmoja, na yeye yuko mbele anaogelea kama ana haraka ya kwenda mahali, hageuki nyuma. Naangalia komputa mkononi, mita 24. Nikagonga mtungi kwa chuma, kageuka, nikamwonyesha geji, bar 70, nikamwonyesha dole gumba juu, ambalo majini maana yake napanda, na ishara hiyo haina mjadala popote duniani. Akanijibu kwa ishara ya sawa, akageuka, akaendelea. Hapo moyo ulinienda mbio kweli. Nikamshika mwenzangu tukapanda wawili taratibu, tukasimama mita 5 kwa dakika 3 kama tulivyofundishwa ili naitrojeni, gesi ya hewani inayojikusanya mwilini ukiwa chini, itoke, nikatoka nje na bar 30 na kidogo. Kanuni niliyofundishwa mimi ni urudi juu na 50.

Kwenye boti nikauliza oksijeni iko wapi, maana mtu akipata ugonjwa wa kupanda haraka huduma ya kwanza ni oksijeni safi, na inatakiwa pale pale. Nikajibiwa iko ofisini. Ofisini! Tuko katikati ya bahari.

Alafu kilichoniuma kuliko vyote, injini imewashwa na hakuna aliyehesabu watu. Mimi ndo nimesimama nikahesabu mmoja mmoja. Mwaka 1998 kule Great Barrier Reef, Australia, mume na mke waliachwa baharini kwa sababu hesabu ilikosewa, ikapita kama siku mbili ndo watu wakagundua hawapo, na hawakupatikana tena. Kuhesabu watu nane kunachukua sekunde kumi.

Mbizi ya pili sikuingia. Wakaniambia basi njoo kesho asubuhi, nikawaambia kesho jioni napanda ndege, wakasema haina shida. Shida ipo jamani! Kabla ya kupanda ndege, ile naitrojeni inatakiwa itoke kwanza: ukizamia mara moja tu unashauriwa usubiri angalau masaa 12, na ukizamia mara kadhaa angalau masaa 18, na wengi wanakaa siku nzima kabisa. Mtu anayeuza mbizi kila siku hawezi kuniambia haina shida bila hata kuniuliza ndege ni saa ngapi.

Kwa hiyo kwangu mimi hapana, sirudi na simpeleki mtu. Ukifika kwenye kampuni yoyote, kaa kimya dakika kumi uone kama watakuuliza chochote kuhusu wewe. Wasipouliza, ondoka, hata kama umeshalipa. Mimi hela ya mbizi ya pili nimeidai mara tatu, na mpaka narekodi hii hawajajibu.