Gereji ya pikipiki njia ya Koboko, Arua, Uganda: fundi anayepima kabla ya kufungua

Pikipiki ikitetemeka mbele wakati wa kushika breki, mafundi wengi hukimbilia diski. Ndivyo nilivyohudumiwa katika gereji nyingine hapa mjini: niliuziwa pedi mpya, kisha diski mpya, na Yamaha XTZ 125 yangu ikaendelea kutetemeka kila nilipopunguza mwendo kabla ya tuta. Gereji ninayoieleza hapa iko njia ya Koboko, chini ya paa la mabati, bila hata kibao cha jina, na sifa yake kubwa ni kwamba fundi wake hashiki spana mpaka ajue ni kitu gani hasa kinachocheza.

Alianza kwa maswali. Je, mkono wa breki unadunda vidoleni kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, au kinasikika kishindo kimoja breki inaposhikwa na kingine inapoachiliwa? Mdundo unaofuata gurudumu huelekeza kwenye diski iliyopinda au yenye unene usiolingana, ilhali kishindo kimoja huelekeza kwenye kitu kilicholegea, kama vile koni za usukani (gololi na vikombe vyake, ambavyo usukani huzungukia kwenye shingo ya fremu), bushi za shokapu za mbele, au kaliperi, yaani kibanio cha pedi, inayocheza kwenye pini zake. Nilipomweleza kwamba ninavisikia vyote viwili, hakushangaa. Alimwita kijana wake, wakaweka gogo chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaning'inia.

Kilichofuata kilichukua muda mfupi, lakini ndicho ninachokithamini zaidi. Kwanza alilishika gurudumu juu na chini akalisukuma kwa upande, ili kuhakikisha kwamba beringi za gurudumu ni nzima. Kisha alishika ncha za chini za shokapu, akazivuta mbele na kuzirudisha nyuma, huku kijana akiwa ameweka kidole kwenye mwanya ulio chini ya shingo ya fremu, mahali ambapo koni ya chini hukaa. Aliniita nami niweke kidole changu hapo. Mchezo ulikuwa wazi kabisa: chuma kilikuwa kikigonga chuma chini ya ngozi. Kama mchezo ungekuwa kati ya bomba la shokapu na mguu wake wa chini, alieleza, lawama ingekuwa ya bushi, na kukaza koni kusingesaidia chochote.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuuzungusha usukani polepole kwa vidole viwili, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ulipofika katikati, ulinasa kidogo. "Mwalimu, hii huwezi kuikaza ikapona," alisema. "Gololi zimeshachimba vikombe." Mashimo ya barabarani huzipigiza gololi mahali palepale, kwa sababu muda mwingi usukani huwa umenyooka, na hatimaye zinajitengenezea vishimo. Ukikaza nati juu ya vishimo hivyo, kishindo kitapungua, lakini usukani utakuwa mzito na pikipiki itayumba katika mwendo mdogo. Jibu ni kubadilisha gololi pamoja na vikombe vyake vyote, juu na chini.

Diski nayo haikusamehewa. Alifunga kipande cha waya kwenye mguu wa shokapu, ncha yake ikikaribia diski, akalizungusha gurudumu, na mwanya ukawa unaongezeka na kupungua. Hapa ndipo penye kasoro ya kwanza ya gereji hii: haina kipimo cha saa, kile chenye mshale wa kuonyesha sehemu ndogo za milimita, na kwa waya huwezi kujua kama diski imevuka kikomo cha kupinda, ambacho kwa pikipiki nyingi ni milimita 0.3 au pungufu. Hata hivyo hakuniambia ninunue diski nyingine. Aliifungua ile mpya, na chini yake tukakuta kutu na matope yaliyogandamana kwenye kitovu cha gurudumu, yaani aliyeifunga hakupasafisha mahali pa kukalia. Alipasugua, akarudisha bolti kwa kuzikaza kwa mkingamo, akazipaka grisi pini za kaliperi zilizokuwa zimekauka, na ule mchezo mbele ya waya ukawa hauonekani tena.

Maelezo yake kuhusu uhusiano wa mambo hayo mawili yaliniridhisha. Diski isiyokaa sawa hutoa mtikisiko mdogo, na koni zilizolegea huukuza kwa kuziachia shokapu zichezecheze mbele na nyuma. Ukitengeneza kimoja bila kingine, utalipa mara mbili.

Ufungaji wa koni ulikuwa wa uangalifu: alikaza nati ili vikombe vikae, akailegeza kidogo, akafunga ile ya juu, kisha akapima upya, kwa kuwa nati ya juu ikikazwa hubadilisha mkazo uliokwisha kuwekwa. Usukani ulipoguswa kidogo ulianguka wenyewe pande zote mbili bila kunasa. Katika barabara ya lami ya kuelekea Koboko nilishika breki kwa nguvu kutoka kilomita 80 kwa saa, na mbele ikatulia.

Kazi ilinigharimu shilingi 40,000 bila spea, bei ambayo naiona ya haki. Malalamiko yangu mengine ni kwamba hawaweki spea, kwa hiyo utatumwa sokoni katikati ya kazi huku pikipiki imefumuliwa, na kwamba hawaandiki risiti, jambo linalotusumbua sisi tunaorudishiwa fedha na mwajiri. Kwenda asubuhi ni bora, kwa maana kuanzia mchana waendesha boda boda hujaa na hutangulizwa. Koni mpya hulegea kidogo zikishazoea, hivyo panga kurudi baada ya kilomita mia kadhaa zikazwe tena. Kwangu hawakutoza chochote.