Chumvi ya bahari Uganda: ipi ununue kwanza

Uganda haina bahari, lakini jikoni kwako huenda chumvi ya bahari imo tayari. Pakiti nyingi za bei nafuu pale soko la Owino, Kampala, na kwenye maduka ya mtaani hutoka pwani ya Kenya, pande za Gongoni na Marereni kaskazini mwa Malindi. Huko maji ya Bahari ya Hindi huingizwa kwenye mabwawa, jua likayakausha. Basi ukiona "ya bahari" kwa maandishi ya dhahabu kwenye kichupa cha supamaketi, usikimbilie pochi.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni pakiti hiyohiyo ya kawaida, mradi imetiwa iodini. Sheria ya Uganda inataka hivyo, kwa sababu mwili ukikosa iodini shingo huota rovu. Geuza pakiti utafute neno hilo, alama ya UNBS (shirika la viwango la Uganda) na tarehe. Unyevu na joto huipunguza iodini, kwa hiyo achana na chumvi inayopimwa kwa kikombe kutoka gunia lililoachwa wazi juani. Nyumbani ifunike, na mchuzi utie chumvi ukikaribia kuiva.

Ya pili ni chumvi ya mawe, yaani ya bahari isiyosagwa. Nyama choma inaipenda, na wanaokausha sangara pia. Kabla ya kununua nyingi, koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji: mchanga ukituama chini, tafuta muuzaji mwingine. Ikilowanisha mkono, unalipia maji.

Kwa urembo, punje hizo huchubua. Zitwange, au tumia ya unga tu, uchanganye na mafuta ya simsim au ya shea kutoka kaskazini, kisha usugue visigino na viwiko. Usoni hapana. Na miguu uliyonyoa asubuhi iache. Utaruka kwa kuwashwa.

Ya tatu ni ya kwetu, ingawa si ya bahari: ya ziwa Katwe, Kasese, na ya Kibiro, Hoima, ambako akina mama huchuja udongo wenye chumvi na kuchemsha maji yake. Ya Katwe ina chumvi nyingine ndani yake, hivyo huwa chungu, na nyingi huishia kwa ng'ombe. Ya Kibiro ukiipata nunua kidogo uionje, ila isiwe ndiyo ya kila siku, maana haijatiwa iodini.

Mkiani naweka ile ya waridi ya "Himalaya", inayochimbwa Khewra, Pakistan. Rangi yake ni chuma kidogo tu, na kikomo ni kilekile: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Gawa bei kwa gramu uone unacholipia.

Chumvi ya Epsom sikuipanga kabisa. Ni magnesiamu salfeti, ya kulowekea miguu. Ukiitia kwenye mchuzi, nyumba nzima itapanga foleni chooni.